Kaunti ya Scurry na Asili ya Biashara ya Hewa Ukaa

Biashara ya kusafirisha kaboni dioksidi kwa mabomba na kuisukuma chini ya ardhi, ambayo leo hutajwa miongoni mwa njia za kufikia malengo ya tabianchi, ilianza kwa kiwango kikubwa Januari 1972 katika kaunti ya Scurry, magharibi mwa Texas nchini Marekani, miaka ishirini kabla ya mataifa kutia saini mkataba wa mabadiliko ya tabianchi mjini Rio de Janeiro. Walioianzisha walikuwa wachimbaji wa mafuta, na walichokitafuta ni mafuta zaidi. Vifaa, sheria na hesabu za kunasa na kutumia hewa ukaa, kama gesi hiyo inavyoitwa katika mijadala ya mazingira, bado zina alama ya asili hiyo.

Uwanja wa mafuta wa Kelly-Snyder uligunduliwa mwaka 1948 ndani ya mwamba wa chokaa uliojengwa na viumbe wa bahari ya kale na kufukiwa kina cha takriban kilomita mbili. Mafuta yake yalipandishwa na nguvu ya gesi iliyoyeyuka ndani yake, na nguvu hiyo ilipozorota baada ya miaka michache tu, kampuni zilizomiliki visima ziliungana chini ya usimamizi mmoja, ulioitwa SACROC, zikaanza kusukuma maji mwambani ili yayaswage mafuta kuelekea visimani. Maji, hata hivyo, hayachanganyiki na mafuta, hivyo hupita na kuacha sehemu kubwa imekwama katika vitundu vya mwamba. Kaboni dioksidi hutenda kazi tofauti: ikigandamizwa vya kutosha katika joto linalozidi nyuzijoto 31 za Selsiasi, hufikia hali iliyo kati ya gesi na kimiminika, na ikikutana na mafuta katika hali hiyo huingia ndani yake, ikayavimbisha na kuyapunguzia mnato hata yakatiririka. Gesi inayopanda pamoja na mafuta hutenganishwa, hugandamizwa upya na kurudishwa chini, na kila mzunguko huacha kiasi fulani mwambani.

Gesi ya kwanza ya Scurry ilitoka bonde la Val Verde, kusini zaidi, ambako gesi asilia ilichimbwa ikiwa imechanganyika na kaboni dioksidi nyingi, na viwanda vya kuichakata vilikuwa vikiitenga hewa hiyo na kuiachia angani. Ufundi wa kuitenga haukuwa mpya, kwani tangu mwaka 1930 mhandisi R. R. Bottoms alikuwa amepata hataza ya kutumia amini, yaani kemikali ambayo hunyonya gesi za asidi ikiwa baridi na kuziachia ikipashwa moto. Kilichokuwa kipya ni bomba la kilomita 350 hivi lililoifanya taka hiyo kuwa bidhaa.

Mahitaji yalipozidi, wenye visima waligeukia hazina za asili: mwaka 1984 bomba la Cortez, lenye urefu wa kilomita 800 hivi, lilianza kuleta Texas gesi ya McElmo Dome, Colorado, iliyokuwa imefungiwa ardhini na maumbile yenyewe. (Hewa ya asili kama hiyo huvunwa pia Kereita nchini Kenya na Rungwe nchini Tanzania, lakini huko huishia zaidi katika soda.) Kuifukua gesi iliyokwisha kufichwa ili kuifukia kwingine hakuipunguzii anga chochote, na hapa ndipo sifa ya Texas kama mtangulizi wa ulinzi wa tabianchi inapohitaji kupimwa kwa uangalifu.

Wazo la kuifukia kwa ajili ya tabianchi lilitoka kwingine. Mwanafizikia wa Kiitalia Cesare Marchetti alipendekeza mwaka 1977 kwamba hewa ukaa inaswe na kuzamishwa baharini kupitia mkondo wa Gibraltar. Norway ilipoweka kodi ya kaboni mwaka 1991, kampuni ya Statoil iliona nafuu kuirudisha chini ya bahari hewa iliyotengwa na gesi ya uwanja wa Sleipner, na tangu mwaka 1996 hadi takriban tani milioni moja kwa mwaka zimesukumwa katika mchanga wa Utsira bila pipa lolote la mafuta kutarajiwa.

Marekani ilichagua zawadi badala ya adhabu. Sheria ya mwaka 2008 iliahidi nafuu ya kodi ya dola 20 kwa kila tani iliyofukiwa tu, na dola 10 kwa ile iliyotumika kukamua mafuta. Mwaka 2022 viwango hivyo vikawa hadi dola 85 na 60. Tofauti hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa pipa moja la mafuta likichomwa hutoa takriban tani 0.4 za hewa ukaa, kiasi kinachoweza kumeza sehemu kubwa ya kile kilichobaki mwambani, au chote. Mwaka 2025 bunge la nchi hiyo liliifuta tofauti hiyo, na tani inayokamua mafuta ikalipwa sawa na tani inayofukiwa tu.