Mti na Kielelezo cha Matawi

Kiingereza hutumia neno moja, tree, kwa mambo mawili: namna data inavyounganishwa ndani ya kompyuta, na mchoro unaotokeza kwenye skrini. Arthur Cayley, mwanahisabati Mwingereza, alilitia neno hilo katika hisabati mwaka 1857, na wataalamu wa kompyuta wakalirithi. Sisi hatulazimiki kurithi mchanganyiko huo. Mpangilio wenyewe tuuite mti. Kinachoonekana tukiite kielelezo cha matawi, jina ambalo mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya amekwisha kulizoea katika uchanganuzi wa sentensi.

Tofauti hiyo inajitokeza pale mtu anapoandika programu. Tuchukue faili la maandishi lenye maeneobunge 6 na wadi 30 za Kaunti ya Mombasa, kila mstari ukitaja jina la eneo na jina la eneo lililo juu yake. Programu inasoma mstari, inatafuta mzazi, yaani eneo la juu, inamwambatisha mwana. Kisha inaanza kwenye mzizi, yaani kaunti yenyewe, inachapisha jina, na kwa kila mwana inajiita yenyewe upya, ikisogeza maandishi ndani hatua moja. Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani zinakaa vizuri chini ya Likoni. Lakini eneobunge la Likoni lina pia wadi iitwayo Likoni. Mstari wake unasema mzazi wa Likoni ni Likoni, na programu inayotambua vitu kwa majina itazunguka papo hapo bila kikomo. Tukikimbilia namba za Tume ya Uchaguzi, tunakwama Changamwe: Kaunti ya Mombasa ni 001, na eneobunge la Changamwe pia ni 001. Wadi ya Port Reitz ni 0001. Programu ikizisoma namba hizi kama tarakimu, sifuri za mbele zinapotea na zote tatu zinakuwa 1. Dawa ni kuunganisha aina ya eneo na namba yake, kwa mfano wadi-0001. Hitilafu hizi zote ni za mti, si za kielelezo. Anayeyaita yote mawili kwa jina moja atahangaika kurekebisha nafasi za maandishi ilhali ugonjwa uko kwenye uzazi.

Wako wanaopendelea neno ngazi, kwa kuwa kaunti, eneobunge na wadi ni ngazi kweli. Ila ngazi inaeleza kimo tu. Bofu na Chaani ziko ngazi moja, na hilo halituambii kwamba moja ni ya Likoni na nyingine ya Changamwe. Faili linaloonyesha ngazi kwa nafasi za mwanzo wa mstari hutegemea mfuatano: lipange kwa alfabeti, na Bofu itaangukia kati ya Bamburi ya Kisauni na Chaani ya Changamwe, isijulikane ni ya nani. Faili linalomtaja mzazi halipotezi kitu hata likichanganywa vipi. Shajara nayo, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni mti, kwetu imeshakuwa daftari la kumbukumbu za kila siku, na sioni faida ya kuinyang'anya kazi hiyo.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba mti huu una mzizi juu na majani chini. Lakini katika kielelezo cha matawi sentensi hukaa juu, kikundi nomino na kikundi tenzi vikashuka chini yake, na shule zinafundisha hivyo bila mtu kulalamika. Atakayeuliza vipi mwana awe na mzazi mmoja, wakati kila mtoto ana wawili, atazame majina ya pwani yanayofuatana kwa bin: kila mtu anatajiwa mmoja tu aliye juu yake, na nasaba inasomeka hadi mwisho. Hicho ndicho mti unachodai, mzazi mmoja kwa kila asiye mzizi. Ndiyo maana eneobunge la Nyali lilipomegwa kutoka la Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013, katika faili la aina hii wadi ya Kongowea iliyohamia Nyali ingehitaji kubadilishiwa mzazi tu, na kielelezo kingejichora upya chenyewe.