Dawa ya Deni Ni Kulipa, Siyo Kumfunga Mdai

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hata hivyo, wako wadaiwa waliojitafutia dawa nyingine. Mdai akisema mbele za watu kwamba hajalipwa, mdaiwa hukimbilia polisi na kulalamika kuwa amekashifiwa. Hapo ugomvi wa fedha hugeuka kesi ya jinai, na aliyekuwa akidai haki yake hujikuta kizimbani. Wiki hii, ndugu msikilizaji, tuitazame asili ya sheria iliyoyawezesha mambo hayo.

Sheria hiyo ilizaliwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber iliamua kwamba kuandika maneno ya kumkashifu mtu ni jinai, hata kama maneno yenyewe ni ya kweli. Hoja yao ilikuwa kwamba kashfa huzaa visasi, na visasi huvunja amani. Mahakama hiyo ilifutwa mwaka 1641, lakini kanuni yake ikabaki. Ni mwaka 1843 tu ndipo Bunge la Uingereza lilipokubali ukweli uwe utetezi, tena kwa sharti kwamba kuutangaza kulikuwa na manufaa kwa umma.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakiiandalia India kanuni ya adhabu. Rasimu iliongozwa na Thomas Macaulay, na sheria ikapitishwa mwaka 1860. Ndani yake, katika kifungu cha 499 kinachohusu kashfa, mna mfano wa kuvutia. Mwenye duka anamwagiza msimamizi wake asimuuzie fulani kitu chochote ila kwa fedha taslimu, kwani hauamini uaminifu wake. Sheria inasema mwenye duka huyo hana kosa, maadamu amesema kwa nia njema na kwa kulinda maslahi yake.

Naam, watunga sheria walijua kuwa biashara haiendi bila watu kuonyana. Mfanyabiashara anayetoa bidhaa kwa mali kauli hana budi kujua nani hulipa na nani huzungusha.

Sheria hiyo ilivuka bahari ikaja kwetu. Ilitumika katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya tangu mwaka 1897, na Tanganyika tangu 1920. Mwaka 1930 nchi hizo mbili zikapata kanuni mpya za adhabu. Kashfa ikabaki jinai. Nia njema na maslahi halali viliendelea kuwa kinga, lakini ukweli peke yake haukutosha. Mdai aliyetangaza deni la kweli kabisa aliweza kuulizwa: je, umma umenufaika nini?

Hapo ndipo mwenye nguvu alipopata mwanya. Katika kesi ya madai, mdaiwa angelazimika kujibu kuhusu hesabu na stakabadhi. Katika kesi ya jinai, maswali yote humgeukia mdai, naye hukabili dola pamoja na uwezekano wa kifungo. Wengi huona afadhali wasamehe deni.

Mambo yameanza kubadilika. Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo kwa sheria ya mwaka 2009. Mwaka 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka kwamba kifungo kilichotolewa Burkina Faso kwa mwandishi wa habari kwa ajili ya kashfa kilikiuka haki zake. Tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha matumizi ya kifungu cha 194 katika kesi za kashfa kati ya mtu na mtu. Washtakiwa walikuwa wamefikishwa mahakamani kwa maandishi katika ukurasa wa kuwatahadharisha wanunuzi. Jaji John Mativo alisema kesi ya madai inatosha kumfidia aliyechafuliwa jina. India, kwa upande wake, imeendelea kuihesabu kashfa kuwa jinai hata katika kanuni mpya iliyoanza kutumika Julai 2024.

Si kwamba jina la mtu halina thamani. Mfanyabiashara anayeitwa tapeli kwa uongo hupoteza wateja na mikopo, na anastahili fidia. Lakini jina jema halirudishwi kwa kumfunga jirani. Aliyesingiziwa deni aonyeshe stakabadhi. Na anayedaiwa kwa haki, jina lake litasafika siku atakapolipa.