Jaribio la kitanzi cha ingizo (Python)

Jaribio la kitanzi cha ingizo ni aina ya jaribio la kitengo, yaani jaribio linalokagua sehemu moja ndogo ya programu ikiwa peke yake. Katika lugha ya programu ya Python linahusu funksheni inayomwuliza mtumiaji swali na kulirudia mpaka atoe jibu linalokubalika. Ugumu wake ni kwamba jaribio huendeshwa bila mtu kwenye kibodi: funksheni isipopata jibu husubiri tu, na majaribio yanayofuata hukwama nyuma yake.

## Historia

Moduli ya `unittest` ilianza kama PyUnit, kazi ya Steve Purcell aliyefuata mfano wa JUnit ya Kent Beck na Erich Gamma. Iliingizwa katika maktaba sanifu ya Python toleo la 2.1 mwaka 2001. Sehemu yake inayoitwa `unittest.mock`, ambayo hutengeneza vitu bandia vya kushika nafasi ya vitu halisi, iliongezwa katika toleo la 3.3 mwaka 2012.

## Mfano

Funksheni ifuatayo imo katika faili `umri.py`:

```
def omba_umri():
    while True:
        jibu = input("Umri wako: ")
        try:
            umri = int(jibu)
        except ValueError:
            print("Andika namba.")
            continue
        if 0 <= umri <= 120:
            return umri
        print("Umri haukubaliki.")
```

Jaribio lake:

```
import unittest
from unittest.mock import patch
from umri import omba_umri

class JaribioLaUmri(unittest.TestCase):
    @patch("builtins.input", side_effect=["abc", "-5", "34"])
    def test_hurudia_kuuliza(self, input_bandia):
        self.assertEqual(omba_umri(), 34)
        self.assertEqual(input_bandia.call_count, 3)

if __name__ == "__main__":
    unittest.main()
```

## Namna linavyofanya kazi

`patch` huondoa `input` halisi kwa muda wa jaribio na kuweka ya bandia, kisha huirudisha. Orodha iliyopewa `side_effect` hutoa jibu moja kwa kila mwito. Majibu mawili ya kwanza ni mabaya kwa makusudi. La tatu ni sahihi. Mstari wa mwisho wa jaribio huthibitisha kwamba swali liliulizwa mara 3 kamili.

Orodha ikiisha kabla funksheni haijaridhika, hutokea kosa la `StopIteration` na jaribio hushindwa papo hapo. Hilo ni afadhali kuliko kukwama, kwa sababu kosa huonekana na mahali pake hujulikana.

## Makosa ya kawaida

* Kutumia `return_value="abc"` badala ya `side_effect`. Jibu baya hilohilo hutolewa kila mara, na kitanzi hakiishi.
* Kuweka `input` ndani ya `try` na kuandika `except:` bila kutaja aina ya kosa. `StopIteration` humezwa, na kitanzi huzunguka bila mwisho. Katika matumizi halisi, `EOFError` (ingizo linapoisha) na `KeyboardInterrupt` (mtumiaji anapobonyeza Ctrl na C) humezwa vilevile, hata mtumiaji ashindwe kuisimamisha programu. Hapa jaribio linalokwama limefichua kasoro ya programu yenyewe.

## Kutenganisha kazi

Njia nyingine ni kuigawa funksheni. Moja hupokea maandishi na kurudisha umri, au kutoa `ValueError`. Nyingine huuliza na kurudia. Ya kwanza hujaribiwa bila `input` bandia, hasa mipakani: 0 na 120 zikubaliwe, -1 na 121 zikataliwe, pamoja na maandishi matupu na "3.5". Maandishi " 34 " hukubaliwa, kwa kuwa `int` hupuuza nafasi za pembeni. Kitanzi hubaki kifupi, na majaribio machache hukitosha.