Alasiri moja Ujiji, kibali kikiwa mfukoni

Kibali chetu kilikuwa cha siku tatu: Nyarugusu mpaka Kigoma, kwa matibabu. Mgonjwa alikuwa Fundi, rafiki yangu, ambaye watu wa soko letu wanamjua kwa cherehani yake. Mimi nilikuwa msindikizaji, ama kama sisi Wakongomani tunavyosema, gadimalade. Macho ya Fundi yalianza kuona ukungu tangu mwaka jana, na mshonaji asiyeona tundu la sindano, hapo kazi imekwisha.

Siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, daktari alikuwa ameshamaliza naye. Alimtia dawa ya matone ya kupanua mboni, akamwangalia, akamwambia ni mtoto wa jicho, arudi baada ya miezi miwili kupasuliwa. Basi ya kurudi ilikuwa kesho yake asubuhi. Tukabaki na alasiri nzima, hela kidogo, na jua kali lililomfanya Fundi atembee ameziba uso kwa mkono.

"Mwalimu," akaniambia, "kutoka hapa mpaka Ujiji ni mbali?"

Nikamwambia si mbali, ni daladala tu. Akanyamaza kidogo. "Bibi yangu alikuwa anasema mama yake alizaliwa Ujiji."

Nikatoa kibali, nikakisoma upya. Kiliandikwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Jina lenyewe limo ndani! Tukapanda gari.

Lazima nieleze kwanza Fundi ni mtu wa wapi, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Yeye ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kila Mrundi anaijua Buyenzi: mtaa wa Waswahili, wa misikiti na mafundi. Ukimwuliza Fundi kabila lake, hakupi jibu unalolitegemea kwa Mrundi. Anasema, "Mimi ni Mmanyema." Hapo watu wanacheka. Warundi wanamwambia basi wewe ni Mkongomani. Wakongomani wanamwambia wewe ni Mrundi, sisi Maniema ni jimbo letu, tunalijua. Na mimi, mtu wa Uvira, nilikuwa nacheka pamoja nao. Lakini siku hizi kambini mazungumzo ni ya kurudi tu, nani amejiandikisha, nani hajajiandikisha. Watu wakisema "turudi kwetu", Fundi huniuliza polepole, kama utani, "Kwetu ndiyo wapi, Mwalimu?"

Makumbusho ya Ujiji yamejengwa mahali ambapo mwaka 1871 mwandishi mmoja wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, alimkuta David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti ambaye Ulaya walidhani amekufa. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba juu yake. Kuna miembe, ambayo wanasema ni vizazi vya ule mwembe waliokutana chini yake. Ndani kuna sanamu mbili kubwa za watu hao wakisalimiana, kofia zimeinuliwa. Fundi, na yale matone machoni, aliona watu wawili wamesimama akawaambia, "Asalaam aleikum." Mtu wa makumbusho alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo tukawa marafiki naye.

Kwa kuwa Fundi hakuweza kusoma, nilimsomea mimi yaliyoandikwa ukutani, na pale palipokosekana neno niliongeza yale ninayofundisha darasani. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Kila kitu anauliza.

Nilimweleza kwamba Livingstone alifika Ujiji mwezi wa Oktoba akiwa hoi, mgonjwa, hana meno mengi. Alitegemea mizigo yake aliyoletewa kutoka pwani: nguo na shanga, ambazo wakati ule ndizo zilikuwa fedha. Akakuta mtu aliyekabidhiwa ameiuza yote. Hakubakiwa na kitu.

"Kumbe mgao wake uliliwa stoo," Fundi akasema.

Ndivyo. Na baada ya siku chache ndiyo Stanley akaingia mjini na bendera na milio ya bunduki. Wa kwanza kumlaki hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wake, aliyekimbia njiani kumsalimia. Huyo Susi na mwenzake Chuma ndio walioongoza safari ya kuibeba maiti ya Livingstone, baada ya kufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, kwa miguu mpaka Bagamoyo. Akazikwa London mwaka 1874. Sanamu zao sikuziona pale. Kofia zilizoinuliwa ni mbili tu.

Kisha nikafika kwenye jambo linalotuchekesha sana sisi watu wa Uvira. Wazungu hao wawili walipanda mtumbwi Novemba ileile wakaenda mpaka kichwa cha ziwa, kaskazini, kuangalia Mto Ruzizi. Ulaya walikuwa wanabishana: je, Ruzizi unatoka ziwani kwenda kulisha Nile, au unaingia? Wakafika, wakaona unaingia. Fundi na mimi tulitazamana. Yeye amekulia upande mmoja wa Ruzizi, mimi upande mwingine. Mtoto yeyote anayefua nguo pale anajua maji yanaelekea wapi.

"Wangemwuliza bibi yangu," Fundi akasema.

"Hata wangu," nikajibu.

Sasa tukafika kwenye sehemu ya utumwa, na hapo mzaha ulikatika. Ujiji ulikuwa mwisho wa barabara ya misafara iliyoanza Bagamoyo, kama kilomita 1,200, kupitia Mpwapwa na Tabora. Pembe za ndovu na watu walipita humo. Lakini kwa wafanyabiashara ziwa halikuwa mwisho. Walivuka ng'ambo, upande wetu, wakaenda mpaka Manyema, nchi ya Mto Lualaba, wakaweka vituo Nyangwe na Kasongo. Kasongo ndipo Tippu Tip alipokuwa na enzi yake. Livingstone mwenyewe alikuwa Nyangwe kabla ya kurudi Ujiji. Wino ulipomwishia aliandika kwa maji ya matunda ya porini, juu ya gazeti kuukuu. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakifyatulia risasi soko lililojaa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400.

Niliposema "soko" Fundi alinishika mkono. Sisi wote wawili tunalo soko moja kichwani ambalo hatulizungumzi. Hayo niyaache.

Nikaendelea. Watu waliochukuliwa Manyema walivushwa mpaka Ujiji. Wengine walipelekwa mbele, Tabora, pwani, Zanzibar. Wengi walibaki hapahapa: wakulima katika mashamba ya mabwana, wavuvi, wapagazi, wake za watu. Wakajifunza Kiswahili, wakawa Waislamu, wakazaa. Watoto wao wakaitwa Wamanyema, hata kama wazee wao walitoka makabila kumi tofauti ambayo kule kwao hayakuwa na jina moja. Baadaye, wakati wa Wajerumani na Wabelgiji, wengine wakapanda tena ziwa kwa biashara na kazi mpaka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Humo ndimo ilimotoka Buyenzi.

"Kwa hiyo jina langu ni la safari," Fundi akasema. "Si la kijiji."

Halafu akauliza swali ambalo sikulipenda. "Mwalimu, niambie ukweli. Na wale wenye bunduki walikuwa nani?"

Nilimwambia ukweli. Wenye misafara walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani, lakini bunduki nyingi zilishikwa na vijana wa bara, na wengi wao Wamanyema walewale, waliochukuliwa wakiwa wadogo wakalelewa msafarani. Kuna waliofungwa kamba, kuna waliofunga wenzao, na kuna waliokuwa vyote viwili kwa nyakati tofauti.

Alikaa muda mrefu kwenye benchi. Mtu wa makumbusho akamletea maji. Akamwuliza, "Mzee wangu, wewe ni wa ukoo gani?" Fundi akamtajia jina la bibi wa bibi yake, jina ambalo mimi katika miaka tisa ya urafiki sikuwahi kulisikia. Yule kijana hakulijua, lakini akasema Wamanyema Ujiji wamejaa, mtaa hadi mtaa, wao ni wenyeji kama wenyeji wengine. "Wewe si mgeni hapa," akasema.

"Asante, mwanangu," Fundi akajibu. "Hebu uniandikie hayo kwenye karatasi, nimwoneshe askari wa kizuizini."

Tukacheka wote watatu, lakini si sana.

Kabla ya kuondoka tulitaka kushuka ziwani. Nilidhani maji yako karibu na mnara, kama hadithi inavyosimuliwa, kumbe ni mwendo. Wakati wa Livingstone ziwa lilikuwa juu zaidi. Maji yaliendelea kupanda mpaka mwaka 1878, ndipo mlango wa Mto Lukuga, kule Kalemie, uliokuwa umezibwa na matope na majani, ukazibuka. Maji yakakimbilia Congo, ziwa likashuka mita kadhaa, na pwani ya Ujiji ikabaki nyuma. Mji wa bandari ukajikuta mbali na bandari yake. Reli ilipokuja mwaka 1914, iliishia Kigoma, si Ujiji.

Tulisimama mchangani. Ng'ambo ilionekana milima ya kwetu, hafifu. Nilimwonyesha Fundi kwa kidole, ingawa najua hakuona kitu zaidi ya mwanga. Nikamwambia maji haya yanatoka kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita Kasongo na Nyangwe. Yaani yanaenda Manyema.

"Basi yenyewe yanarudi bila kibali," akasema.

Kesho yake kizuizini askari alisoma karatasi yetu, akatuambia safari njema, na kabla ya jioni tulikuwa kambini.

Tangu siku hiyo nimebadilisha somo moja. Zamani nilifundisha Ujiji kwa mistari miwili: Wazungu wawili walikutana chini ya mwembe. Sasa naanzia Nyangwe, sokoni, nafuata walionusurika mpaka ng'ambo ya ziwa, na Wazungu nawakuta njiani. Wanafunzi wangu wa Kikongomani na wa Kirundi wananiuliza maswali makali kuliko ya Fundi. Wawili wamekuja na majina waliyopewa na nyanya zao.

Na wewe unayesoma, kama bado una mzee kwenye blanda yako, mwulize jina la bibi wa bibi yake na mahali alipozaliwa. Liandike popote, hata nyuma ya kadi ya mgao.

Fundi bado anasema, "Mimi ni Mmanyema." Watu wakicheka, sasa anaacha cherehani anawaeleza, kuanzia waliofungwa mpaka waliofunga, na harukii sehemu yoyote. Upasuaji wake ni mwezi ujao. Ameniomba niwe gadimalade tena, na kibali kiandikwe vilevile, Kigoma-Ujiji, kwa sababu anataka kuziona zile sanamu alizozisalimia.