Ni maradhi gani hupita katika maziwa ya mama?

MAMA anayenyonyesha akipatwa na homa au kikohozi, aghalabu jambo la kwanza analoambiwa na jirani au mama mkwe ni kumwondoa mtoto kwenye titi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini maradhi yanayopita katika maziwa ya mama ni machache kuliko inavyodhaniwa.

Malaria haiambukizwi kwa njia hiyo. Mafua huenea kwa chafya na mikono michafu. Na kwa kuwa mwili wa mama hutengeneza kingamwili unapovamiwa na vijidudu, mtoto anayeendelea kunyonya hupata sehemu ya kinga hiyo. Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa. Hatari ni mama ambaye hajaanza tiba kukohoa huku amempakata mtoto, siyo maziwa yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa zaidi wakati wa kujifungua, hivyo mtoto aliyepewa chanjo mara baada ya kuzaliwa anaweza kunyonya.

Virusi vya Ukimwi (VVU) ni suala jingine. Mwaka 1985 madaktari nchini Australia walieleza kisa cha mama aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu baada ya kujifungua, kisha mtoto wake akaambukizwa kwa kunyonya. Uthibitisho mzito zaidi ulitoka Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanawake zaidi ya 400 wenye VVU waligawanywa kwa nasibu, wengine wanyonyeshe na wengine watumie maziwa ya kopo. Hadi umri wa miezi 24, takriban watoto 37 katika kila 100 wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, dhidi ya 21 wa kundi la kopo. Hata hivyo, vifo katika makundi hayo mawili havikutofautiana sana, ingawa washiriki walikuwa na maji ya bomba.

Takwimu hiyo ya vifo haikupewa uzito iliostahili. Mwaka 2006, mvua kubwa zilipoikumba Botswana, ambako mama wenye VVU walipewa maziwa ya kopo, mlipuko wa kuhara uliwaua watoto wengi, na wasionyonya ndio walioathirika zaidi.

Jambo linalowashangaza wazazi wengi ni kwamba kuchanganya ni hatari kuliko kunyonyesha pekee. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 1999, ulionesha kuwa watoto walionyonya huku wakipewa vyakula au vinywaji vingine waliambukizwa zaidi ya walionyonya tu. Inaaminika kuwa maji, uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe huchubua utumbo mchanga wa mtoto. Chuchu zilizopasuka na titi lenye uvimbe nazo huongeza hatari kwa mama mwenye VVU. Kwa mama asiye na virusi hivyo, uvimbe wa titi si sababu ya kuacha, kwani maziwa yasipotoka huweza kuwa jipu.

Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) limekubali mama mwenye VVU anyonyeshe endapo yeye au mtoto anatumia dawa za kupunguza makali. Bila dawa, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Kwa tiba kamili hushuka chini ya 5.

Virusi vingine vipitavyo katika maziwa ni HTLV-1, vilivyosababisha mkoa wa Nagasaki, Japani, kuanza mwaka 1987 kuwashauri mama walioambukizwa wasinyonyeshe. Mama mwenye Ebola pia hutakiwa kuacha.

Mtoto wa mama mwenye VVU hupewa dawa ya maji ya nevirapini kwa angalau wiki sita za mwanzo. Hupimwa akiwa na umri wa takriban wiki sita, na hupimwa tena baada ya kuacha kunyonya, kwa sababu jibu la awali halihesabu miezi ya maziwa iliyofuata.