Hewa ya pombe ilivyohamia kwenye tangi la samaki

Wadau, leo naweka pembeni stori za mitihani. Nataka tuongelee hewa ukaa, na tuanzie kwenye pombe.

Mwaka 1767 mchungaji mmoja Mwingereza, Joseph Priestley, alihamia Leeds akawa jirani na kiwanda cha bia. Akaona juu ya pipa linalochachuka kuna hewa nzito, ukishusha mshumaa unazimika. Mwaka 1772 akachapisha namna ya kuiingiza hewa hiyo kwenye maji, na humo ndo soda ilimotokea. Kwetu Mbulu kila aliyechungulia mtungi wa buura ameliona povu lilelile, sema sisi tulikuwa tunasubiri kunywa tu!

Miaka michache baadaye, 1779, Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba majani yakizamishwa majini hutoa vipovu penye mwanga, gizani hakuna kitu. Halafu 1782 Jean Senebier wa Geneva akatumia maji yaliyochemshwa: vipovu hakuna. Akatia hewa ya Priestley, vipovu tele. Yaani mmea wa majini chakula chake ni hiyo hewa ukaa. Sayansi ikawa imeshapatikana, ila ufundi wa kuitumia kwenye tangi ulichukua karibu miaka 200.

Mwaka 1850 kule London Robert Warington alipatanisha samaki, mimea na konokono kwenye tangi moja. Tabu ni kwamba pumzi ya samaki wachache haishibishi mimea mingi. Miaka ya 1980 Wajerumani, hasa kampuni ya Dupla, wakawa wanauza mitambo ya mitungi ya gesi, na Mjapani Takashi Amano, aliyeanzisha kampuni yake 1982, akaligeuza tangi kuwa bustani. Inasimuliwa alianza kwa kumimina maji ya soda.

Sisi wa bajeti ya mkopo tumerudi palepale kwa Priestley: chupa ya plastiki, sukari, hamira na mpira wa dripu. Jamaa mmoja hapa bwenini analo, na wiki iliyopita samaki wake walikutwa alfajiri wako juu wanahema. Hamira ni kiumbe hai jamani. Joto likipanda inakimbia, baridi ikija inalala, na baridi ya Mbulu mnaijua. Chupa ikiwa mpya inafoka, wiki ya tatu inakohoa. Mbaya zaidi haijui usiku: taa ikizimwa mimea inaacha kula na yenyewe inapumua, chupa inaendelea kumwaga. Wafugaji wengi hulenga miligramu 30 hivi kwa lita. Ikizidi sana samaki wanalewa, wengine hawaamki.

Mtungi una nafuu, maana una valvu ndogo ya kuhesabia vipovu na unaweza kufungwa usiku. Lakini nao una hila. Ndani hewa imekuwa kimiminika, kwa hiyo presha inasimama palepale, kama bar 57 kwenye nyuzi 20, hadi kimiminika kiishe. Hapo presha inaporomoka, na regileta ya bei poa, badala ya kupunguza, inaachia zaidi. Unaweza kukaa miezi salama halafu siku ya mwisho ya mtungi ukapoteza samaki wote. Bora ubadilishe mapema.

Na gesi yenyewe haitoki mbali. Kampuni ya TOL, iliyoanza 1950 kama East African Oxygen na kuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam mwaka 1998, huvuna hewa ukaa ya asili Rungwe, Mbeya, kwenye ardhi ya volkeno. Wa Katesh mnaoamka na mlima Hanang kichwani, na wa Basotu mnaovua kwenye shimo la volkeno, hiyo ni ardhi ya ukoo mmoja. Kule Goma hewa hii ikituama mabondeni huitwa mazuku, na inaua watu na mifugo.

Kubwa kuliko yote ni Ziwa Nyos, Kameruni. Hewa ilijirundika chini ya ziwa bila njia ya kutoka polepole, na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ikalipuka mara moja. Watu wapatao 1,700 wakafa. Mwaka 2001 wataalamu walizamisha bomba la kudumu hadi karibu na sakafu ya ziwa, maji ya chini yakawa yanaruka juu yenyewe na kuachia hewa kidogo kidogo, mchana na usiku. Mwaka 2011 yakaongezwa mengine mawili.