Ukoko

Mkazi wa Mwanza, Kagera au Mara akisikia "ukoko" huwaza mambo mawili: wali ulioshika chini ya sufuria, na vijana wenye mabomba mgongoni. Kampeni ya kupulizia dawa-ukoko majumbani dhidi ya malaria, iliyoanzia Muleba mwaka 2007, ililipa neno la jikoni kazi ya pili. Maji hukauka, dawa hubaki imeshika ukutani ikimsubiri mbu atue.

Kazi ya tatu ipo, nami naipigia debe bila aibu. Mwaka 2000, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa plastiki zinazopitisha umeme. Plastiki za jamii hiyo zinaweza kuyeyushwa katika kimiminika, kisha zikapulizwa kwa kompresa kama fundi wa gereji anavyopiga rangi bodi ya gari. Kimiminika huvukizwa, kikabaki kitu chenye unene wa nanomita 100 hivi. Tabaka juu ya tabaka, inapatikana sola bila mitambo ghali ya ombwe.

Tabaka hilo wataalamu huliita "utando mwembamba". Sawa, lakini hata buibui ana utando. Neno halisemi kwamba kitu kimepulizwa, kimekauka, kimeshika. Ukoko unasema.

Tatizo ni kwamba ukoko huu huharibiwa na unyevu na oksijeni. Kwenye mtumbwi wa dagaa kule Ukerewe, usipofunikwa barabara, nguvu yake itashuka upesi, na sola za silikoni zitaendelea kuchaji taa za wavuvi.